Kgothatso Montjane: Kutoka Limpopo hadi Wimbledon

Ukurasa huu wa historia kwa kawaida huwa wa wazee wetu. Mwaka huu tumevuka mipaka hadi Afrika Kusini, kwa sababu ya swali lililoulizwa mkutanoni tulipojadili mchango wa uwanja wa shule: mtoto asiyeweza kukimbia atafanya nini pale?

Kgothatso Montjane alizaliwa mwaka 1986 huko Seshego, Limpopo, akiwa na ulemavu wa viungo. Alipokuwa na miaka 12 alikatwa mguu mmoja. Alisoma Shule Maalumu ya Helen Franz, katika jimbo hilohilo, na tenisi alianza mwaka 2005, akiwa na miaka 19. Katika umri huo wenzake wengi duniani wameshashika raketi tangu utotoni.

Tenisi ya viti vya magurudumu ilianzia Marekani mwaka 1976, ikiasisiwa na Brad Parks, kijana aliyepooza baada ya ajali ya kuteleza kwenye theluji. Uwanja na wavu ni vilevile. Tofauti kubwa ni kwamba mpira unaruhusiwa kudunda mara mbili. Kiti nacho si kile cha wodini. Magurudumu yake yamelazwa ili kigeuke upesi bila kupinduka, na mchezaji hukisukuma kwa mkono uleule ulioshika raketi. Anayedhani ni rahisi ajaribu.

Montjane alishiriki Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008, akasoma pia Chuo Kikuu cha Venda. Mwaka 2018 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza wa Afrika Kusini kucheza Wimbledon. Mwaka 2021 alifika fainali mbili hapohapo, ya mmoja mmoja na ya wawili wawili, akashindwa zote. Diede de Groot wa Uholanzi alimfunga 6-2, 6-2.

Wengi wangestaafu. Yeye mwaka 2023, akiwa na miaka 37, alishirikiana na Yui Kamiji wa Japani wakatwaa ubingwa wa wawili wawili Roland Garros, kisha wa Marekani. Mwaka 2024 wakachukua Wimbledon.

Kwa aliyeuliza: viti hivyo vinahitaji sakafu ngumu iliyo tambarare na njia isiyo na ngazi. Tumemwomba fundi aviingize vyote viwili kwenye mchoro kabla ya siku ya harambee.