LSD ya drifti kwa bajeti ndogo: usikimbilie kuchomelea difu

Swali ninaloulizwa sana na vijana wenye Mark II na Altezza ni hili: "Bro, nataka kudrifti, hela sina, nichomelee difu?" Leo najibu kwa kirefu, maana majibu ya kijiweni yanaweza kukugharimu ekseli, au roho yako.

KWA NINI DIFU YA KAWAIDA HAIFAI

Kwenye kona tairi la nje linatembea njia ndefu kuliko la ndani, kwa hiyo difu inayaacha yazunguke kwa spidi tofauti. Kwa safari za kawaida ni safi kabisa. Ila ukikanyaga mafuta ndani ya kona, tairi la ndani limepungukiwa uzito, nguvu inakimbilia huko, linazunguka bure na moshi juu, gari haiendi kokote. LSD inayabana matairi yote mawili yasukume pamoja.

AINA ZAKE

1. Ya mafuta mazito ya silikoni. Zilikuja kwenye Nissan Silvia nyingi. Ikizeeka inalegea, na kile kikopo chake kimezibwa, hakifunguliwi kikakarabatiwa.

2. Ya gia, kama Torsen. Silvia S15 Spec-R iliyotoka 1999 ilikuwa na difu ya namna hii. Inadumu, lakini tairi moja likinyanyuka inakuwa kama difu ya kawaida.

3. Ya sahani za klachi. Hii ndiyo ya kutafuta, kwa sababu inafunguliwa na kurekebishwa. Ya 1-way inabana ukikanyaga mafuta tu. Ya 2-way inabana ukikanyaga na ukiachia. Wengi kwenye drifti wanapenda 2-way, maana ukiachia mafuta katikati ya kona nyuma haibadiliki tabia ghafla.

PIMA KWANZA ULICHONACHO

Weka vizuizi matairi ya mbele, nyanyua nyuma yote, weka stendi (jeki peke yake haitoshi!), gia iwe nyutro, handibreki chini. Zungusha tairi moja. La pili likienda kinyume, ni difu ya kawaida, au LSD ya sahani iliyokwisha. Likienda upande uleule, kuna LSD inayofanya kazi au kuna mtu kashachomelea. Angalizo: Torsen nayo inaweza kwenda kinyume kwenye kipimo hiki.

KAZI YENYEWE

Ukienda kwenye spea used, Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, hakikisha uwiano wa difu, idadi ya meno ya ekseli na matundu ya bolti vinalingana na gari lako. Ukishaipata, fundi afanye hivi:

- Kabla ya kufungua, aweke alama kofia za beringi na shimu, kulia na kushoto. Zikichanganywa, nafasi ya meno ya krauni na pinioni inaharibika na difu italia.
- Atoe sahani, aoshe, apime unene. Zilizoungua au kupinda zitupwe.
- Apange sahani kwa kupishana: yenye meno ya nje, kisha ya ndani. Baadhi ya difu za kiwandani zina sahani za aina moja zilizopangwa mbili mbili, hivyo nyuso zinazosuguana ni chache. Ukizipisha, inabana zaidi bila kununua kitu.
- Kama bado imelegea, aongeze shimu nyembamba au sahani nene kidogo. Asizidishe! Ikibana mno sahani zinaungua na gari linagoma kukata kona.
- Aweke oili ya GL-5 iliyoandikwa LSD. Hapa usibane hela.

Ukifunga, zunguka polepole kwa umbo la namba 8, kulia na kushoto, sahani zizoeane. Halafu mwaga oili uweke mpya. Milio ya kugonga kwenye kona kali ni kawaida ya difu hii.

VIPI KUHUSU KUCHOMELEA?

Ndiyo njia rahisi kuliko zote kwa bei, na kwenye gari la uwanjani tu inatumika. Lakini hapo matairi hayatofautiani spidi kamwe. Kila kona ya lami tairi linaburuzwa, ekseli zinateseka, na kwenye mvua nyuma inaweza kuchomoka bila kukuaga. Tena gia za difu ni chuma kilichokomazwa: weldi mbaya inapasuka, kipande kinaingia kwenye krauni, na difu inaweza kujifunga ukiwa spidi. Gari linalompeleka mama hospitali lisichomelewe difu. Mimi hapo sina mjadala.

Na hata ukiwa na LSD nzuri, drifti ni ya eneo lililofungwa, siyo barabara ya watu wanaotoka kazini.

Mafundi na wazoefu, ongezeni hapo chini. Ukiuliza swali taja gari na namba ya chesisi inaanzaje (GX100, GX110, SXE10), tusaidiane vizuri.