Dalali wa Kazi Anamtumikia Nani?

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya ofisi za kutafutia watu kazi. Nyingine ni ofisi kweli, zina makarani na makabati ya mafaili. Nyingine ni chumba kimoja chenye meza na ubao wa matangazo, na mwenye ofisi anatembea na muhuri wake mfukoni. Zote husema neno moja: njoo kwetu, sisi tunawajua wenye kazi.

Naanza na yaliyonipata mwenyewe. Mwaka 1996 nilikuwa mmoja wa watu waliokuwa wakizunguka Dar es Salaam na bahasha ya kaki. Shirika la umma nililokuwa karani wake lilipunguza wafanyakazi, na jina langu likawemo katika orodha iliyobandikwa mlangoni. Mtu mwenye mke na watoto wawili akikaa miezi mitano bila mshahara, hana tena la kuchagua. Mfa maji haachi kutapatapa. Rafiki yangu akanielekeza kwenye ofisi moja Kariakoo iliyosifika kwa kupatia watu kazi. Nikalipa fedha ya fomu, nikalipa fedha ya uandikishaji, na nikatia sahihi kwamba nikipata kazi, nusu ya mshahara wangu wa kwanza itakuwa yao.

Kazi nikapata, sitawasingizia. Nikawa karani wa ghala. Mwisho wa mwezi nikapeleka nusu ya mshahara Kariakoo kama nilivyoahidi, na nyumbani tukala kwa mkopo wa dukani. Wiki ya saba msimamizi akaniita akasema kazi imekwisha. Nilipokuwa nakabidhi daftari nikamwona kijana amesimama mlangoni na bahasha yake, na juu ya barua aliyoshika palikuwa na muhuri ule ule wa ofisi ile ile.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, umekubaliana nao nini?"

Akanijibu, "Nusu ya mshahara wa kwanza, kaka."

Siku ile nilimwambia mke wangu kwamba ni bahati mbaya. Baadaye sana, katika kusoma historia, ndipo nilipotambua kwamba mchezo ule ni wa zamani na umekwisha kuwaliza watu wengi katika nchi za mbali.

Twende kwanza Marekani, katika mji wa Spokane, jimbo la Washington. Mwanzoni mwa karne ya 20 mji huo ulikuwa kituo cha wakata magogo, wajenzi wa reli na vibarua wa mashambani. Kibarua alifika mjini, akaenda kwenye ofisi ya kuuza kazi, akalipa dola moja au zaidi, akapewa kikaratasi cha kwenda kambini. Alipofika huko, mara nyingine aliambiwa hakuna kazi. Mara nyingine alifanya kazi siku chache tu, kisha mnyapara akamfukuza ili nafasi yake auziwe mwingine, na ile ada mnyapara na mwenye ofisi wakagawana. Vibarua wenyewe walikuwa wakitania kwamba kila kambi ina makundi matatu: moja linafanya kazi, la pili liko njiani linakuja, na la tatu liko njiani limekwisha fukuzwa.

Chama cha wafanyakazi kilichoitwa IWW kikasimama barabarani kuwahubiria watu wasinunue kazi. Halmashauri ya mji ikapiga marufuku hotuba za barabarani. Kuanzia Novemba 1909 wanachama wakawa wanapanda juu ya sanduku mmoja mmoja, na kila aliyefungua kinywa alikamatwa. Mamia walijaza magereza, akiwemo binti wa miaka 19 tu, Elizabeth Gurley Flynn, aliyejifunga kwa mnyororo kwenye nguzo ya taa ili asichukuliwe upesi. Mwezi Machi 1910 mji ulichoka, ukakubali mazungumzo, na leseni za ofisi 19 za kuuza kazi zikafutwa.

Mwaka 1914 wapiga kura wa jimbo hilo wakapitisha sheria inayokataza ofisi hizo kumtoza mtafuta kazi. Lakini mwaka 1917 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua, majaji watano dhidi ya wanne, kwa hoja kwamba inaua biashara halali. Jaji Louis Brandeis alikuwa miongoni mwa wanne. Aliandika kwa urefu juu ya ulaghai wa ofisi hizo, pamoja na ule wa kugawana ada na wanyapara.

Hapo, ndugu msikilizaji, ndipo nilipomkumbuka yule kijana wa mlangoni. Tazama hesabu yake. Ofisi ikila ada ya mfanyakazi kila apatapo kazi, basi faida yake ni watu wapate kazi mara nyingi. Na mtu hawezi kupata kazi mara nyingi bila kuipoteza mara nyingi.

Utasema, basi dawa ni rahisi: alipe mwajiri. Nami niliwaza hivyo hivyo mpaka nilipomkumbuka babu yangu.

Babu alitoka Kigoma kwenda kukata mkonge Tanga. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani, Dk. Richard Hindorf, na chini ya Waingereza ukawa zao kubwa kuliko yote katika Tanganyika. Mashamba yalihitaji maelfu ya watu, na waliokuwa jirani hawakupenda kazi ile ya miiba. Kwa hiyo walitafutwa watu wa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Mbeya, hata Ruanda-Urundi na Msumbiji. Huko kwingi hapakuwa na zao la kuuza, lakini kodi ya kichwa ilidaiwa kila mwaka. Aliyetaka fedha ya kodi ilimbidi aifuate ilipo.

Mwanzoni waliowatafuta watu hao walikuwa waandikishaji binafsi, ambao walilipwa na mashamba kwa kila kichwa walichofikisha. Wakashindana wao kwa wao, na gharama ya kupata mtu mmoja ikapanda. Mwaka 1944 chama cha wenye mashamba ya mkonge kikaamua kuwa na ofisi moja kwa ajili ya wote. Ofisi hiyo ni SILABU, na mpaka leo wazee wa Kigoma na wa kusini wanaikumbuka kwa jina hilo. SILABU ilikuwa na kambi za njiani, chakula cha safari na usafiri. Mfanyakazi hakutoa hata senti moja. Alitia dole gumba kwenye mkataba, akapewa namba, na kutokana na namba hiyo watu wa aina yake wakaitwa manamba.

Shambani alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30. Siku ambayo hakumaliza kazi aliyokatiwa haikuhesabiwa, na kipande kisipojaa mshahara hautoki. Shamba hakulichagua yeye, wala hakuwa na ruhusa ya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha. Akitoroka alikuwa amevunja sheria, na kifungo kilikuwa kinamngoja.

Nilipokuwa kijana nilimuuliza, "Babu, nauli yako ya kwenda Tanga alikulipia nani?"

Akasema, "Mjukuu wangu, aliyenilipia nauli ndiye aliyenipa namba."

Katika uzee wake alichanganya majina ya wajukuu zake, lakini namba ile hakuisahau.

Mambo yalikuwa hayo hayo kwa wale waliopelekwa mbali zaidi. Wenye migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini walikuwa na chombo chao cha kuandikisha watu, kilichoanzishwa mwaka 1900, ambacho watu wa kusini mwa Afrika walikiita Wenela. Kiliandikisha watu hata katika nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, sehemu za Mbeya na Tukuyu. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, serikali ya Mwalimu Nyerere iliukata mpango huo, maana haikuwezekana kuupinga ubaguzi wa rangi huku ukiupelekea vibarua.

Sasa angalia jambo moja la ajabu. Mwezi Mei 1944 Shirika la Kazi Duniani lilikutana Philadelphia, Marekani, likatangaza kwamba kazi ya binadamu si bidhaa. Mwaka huo huo, huku kwetu, wenye mashamba walikuwa wakiunda SILABU ili kupunguza bei ya kumpata manamba mmoja.

Kwa hiyo tumeona njia mbili. Mfanyakazi akilipa, dalali hufaidika akifukuzwa. Mwajiri akilipa, dalali humfikisha mtu kama anavyofikisha mzigo, na kazi yake imekwisha. Iko njia ya tatu: alipe umma. Uingereza ilifungua ofisi za kazi za serikali tarehe 1 Februari 1910, wakati Winston Churchill akiwa waziri wa biashara, akisaidiwa na William Beveridge. Mtu asiye na kazi aliingia, akaandikishwa, akaelekezwa penye nafasi, bila ada. Mwaka 1919 Shirika la Kazi Duniani, likiwa ndiyo kwanza limezaliwa, likapitisha mkataba wake wa pili, unaozitaka nchi ziwe na ofisi za kazi za umma zisizotoza kitu. Mwaka 1933 likapitisha mwingine wa kuzifuta ofisi zinazotoza ada kwa faida.

Lakini nisikudanganye kwamba serikali ikishika jambo, basi limetengemaa. Hapa Tanzania mwaka 1983 tulikuwa na Nguvu Kazi. Serikali ilitaka kila mtu awe na kazi, na nia ilikuwa njema kwenye karatasi. Mjini ikawa ni msako. Asiye na kitambulisho cha kazi alikamatwa, akapakiwa kwenye gari, akarudishwa kijijini kwao, na wengine wakapelekwa mashambani. Hata huko mtu hakuulizwa anataka kwenda wapi. Nayo ofisi ya umma isiyo na nafasi za kumpa mtu huwa daftari tu la majina.

Ndiyo maana mawakala binafsi hawakufa. Mwaka 1997 Shirika la Kazi Duniani lilibadili msimamo, likakubali kwamba wapo na watakuwapo, ila likaweka sharti: mfanyakazi asitozwe ada wala gharama, moja kwa moja au kwa kuzunguka, isipokuwa kwa ruhusa maalumu yenye sababu. Sisi Tanzania tulitunga sheria ya huduma za ajira mwaka 1999, na tunacho chombo cha serikali cha huduma za ajira, TaESA. Sheria zipo. Lakini zinamfikia nani?

Nauliza hivyo kwa sababu ya mabinti zetu wanaopelekwa Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, kutoka Tanzania, Kenya na Uganda. Wengi wamepata riziki na wamejenga kwao, tusilifiche hilo. Lakini wapo waliorudi na kisa kile kile: mwajiri anawaambia, "Nimekwisha kulipa kwa wakala, huwezi kuondoka." Katika nchi kadhaa za Ghuba mfumo wa kafala ulimfunga mfanyakazi kwa mwajiri aliyemwingiza nchini. Baadhi wameulegeza. Qatar, kwa mfano, ilianza mwaka 2020 kumruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila idhini ya yule wa kwanza. Hata hivyo, binti ambaye pasipoti yake iko kabatini mwa mwenye nyumba hasaidiwi sana na sheria asiyoijua. Mara nyingine huwa ametozwa pia na dalali wa huku kwetu, kwa hiyo amebeba mizigo yote miwili, wa Spokane na wa SILABU.

Sisemi usiende kwa wakala. Wapo waaminifu, na mtu mwenye njaa hawezi kuambiwa akae akisubiri. Nasema uulize maswali matatu kabla hujatia sahihi. La kwanza: fedha ya ofisi hii inatoka kwa nani, na lini? La pili: nikifukuzwa mwezi wa pili, ofisi itapata hasara au itapata mteja mpya? La tatu: nikiona hapafai, naweza kuondoka na vyeti vyangu, pasipoti yangu na mshahara wa siku nilizofanya? Majibu yatie kwenye maandishi, na risiti uitunze. Anayekasirika kwa kuulizwa amekwisha kukujibu.

Na wewe kiongozi unayesikiliza, kama huwezi kuwapa watu kazi, angalau hakikisha mtu hanunui kazi kwa fedha asiyokuwa nayo. Ofisi ya serikali iwe wilayani, mahali anapoweza kufika mtu kwa miguu, na wakala aliyetoza ada kinyume cha sheria airudishe.

Yule kijana wa mlangoni sikumwona tena. Sikumwambia lolote siku ile, kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu nilidhani bahati yangu mbaya haimhusu. Leo ningemvuta pembeni nikamwambia, "Mdogo wangu, hesabu wiki saba, na nusu ya mshahara wako usiwapelekee upesi."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.