Nani Aliruhusiwa Kupiga Hema? Hifadhi za Jimbo la Virginia

Tukisikia kwamba Wamarekani hupiga kambi kwa mahema au magari ya kulala katika hifadhi za majimbo, tunadhani ni starehe tu. Mimi naona humo pia historia ya haki za raia.

Tarehe 15 Juni 1936, jimbo la Virginia lilifungua hifadhi sita kwa siku moja. Zilikuwa mali ya umma, lakini Weusi waliolipa kodi hawakukaribishwa. Mwaka 1948 Conrad Martin, Mmarekani Mweusi, alikataliwa kuingia Staunton River, akashtaki. Badala ya kumfungulia lango, jimbo lilianzisha hifadhi ya Weusi peke yao, Prince Edward, mwaka 1950, jirani na ziwa Goodwin walikopumzika Weupe. Yaani jimbo lilikubali gharama za sehemu mbili jirani, mradi watu wasichanganyike.

Sheria ya Haki za Raia ya 1964 ilipiga marufuku ubaguzi huo. Hata hivyo, sehemu hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1976, na mwaka 1986 zikaitwa Twin Lakes, yaani Maziwa Pacha. Kwa hiyo nahitimisha kwamba sheria ilitangulia, na muungano ukafuata baada ya miaka 12.