Bomba la maji taka juu ya dari: nini kinabeba uzito wake?

Doa la kahawia likitokea darini, chini ya choo cha ghorofani, wengi hulaumu gundi. Fundi bomba huitwa, hupaka gundi upya, na baada ya muda doa linarudi. Katika nyumba za ghorofa za Mwembesongo, kama kwingineko mjini Morogoro, inafaa kuuliza kwanza bomba lenyewe limeshikwa na nini.

Bomba la plastiki la inchi 4 likiwa tupu ni jepesi. Likijaa maji, kila mita hubeba zaidi ya kilo 8. Kwa kawaida halijai, ila likiziba hujaa. Plastiki haivunjiki papo hapo kwa mzigo huo, bali huinama polepole kwa miaka. Palipoinama maji hutuama, uchafu na mafuta hukaa, bomba linaziba tena, na viungio ndivyo vinavyovutwa.

Ndiyo maana bomba la inchi 4 linalolala hushikwa kila baada ya mita 1 hivi, na la inchi 2 kila sentimita 60. Karibu na kona huongezwa kishikio kingine. Waya wa kufungia nondo haufai, ingawa haukosekani saiti: hukwaruza plastiki, kisha huliwa na kutu. Mkanda mpana usioshika kutu ni bora. Usikazwe kila mahali, kwani bomba la mita 6 hurefuka karibu milimita 7 joto likipanda nyuzi 20, na juu ya dari, chini ya jua la Februari, joto hilo si la kubahatisha. Libanwe sehemu moja, kwingine liweze kuteleza.

Sakafu ikiwa ya mbao, kishawishi ni kutoboa boriti. Tundu la bomba hilo katika boriti ya inchi 6 huacha kama sentimita 2 tu za mbao juu na chini. Hiyo si boriti tena. Bomba lipite sambamba na boriti, katikati ya nafasi, likilala juu ya vipande vya mbao vilivyopigiliwa toka boriti hadi boriti. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambako sakafu za kale hubebwa na boriti za mikoko, uvujaji mdogo wa kudumu unatosha kuozesha ncha zilizofukiwa ukutani.

Kabla dari ya jipsamu haijafungwa, vuta uzi kando ya bomba: mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita, bila tumbo katikati. Kisha mwaga ndoo kadhaa juu, na umwombe fundi aache kidirisha chini ya kona.