Vioo Viwili, Mshororo Mmoja

Mwaka jana mvua iliingia chumbani kwetu usiku ikalowesha daftari zangu sita za riwaya. Asubuhi wino wa bluu ulikuwa umeanza kutambaa. Nikaazima simu ya kaka, nikapiga picha kila ukurasa, kisha nikaenda kwa fundi wa mtaani kutafuta kompyuta ya bei ya kulia shida. Akanipa kuukuu moja na monita mbili zisizolingana, moja inchi 19, nyingine 17. "Ila ina Linux, siyo Windows," akasema, kama mtu anayekuuzia punda wakati wewe ulifuata baiskeli.

Nilitaka kitu kimoja tu: kioo cha kushoto kionyeshe picha za daftari, cha kulia nipige chapa. Nikawasha. Vioo vyote viwili vikaleta picha ileile! Nikahangaika kwenye mipangilio hadi nikakuta vimraba viwili, 1 na 2. Nikachagua eneo lipanuliwe badala ya kurudiwa. Sasa kipanya kikaanza vituko: nikikisukuma kulia, kinazukia kioo cha kushoto. Kumbe mashine ilidhani monita ya pili iko kulia. Nikaburuta kimraba cha 2 hadi upande wa pili wa mwenzake, nikakubali, kwisha. Dakika tano.

Nani alizitolea jasho dakika tano hizo? Nikaanza kusoma.

Hadithi inaanzia Marekani, chuo cha MIT, mwaka 1984. Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha X, programu ya kuchora madirisha kwenye kompyuta za Unix. Toleo la 11, lililotoka 1987, liliweza kuendesha vioo zaidi ya kimoja. Lakini dirisha lililofunguliwa kwenye kioo cha kwanza halikuweza kuhamia cha pili. Kipanya kilivuka, dirisha likabaki. Wewe unayetunga mashairi utanielewa: ilikuwa kama kuwa na ukwapi hapa na utao kule, wala havikutani kufanya mshororo. Mwaka huohuo wa 1987 Macintosh II ilitoka ikiwa na uwezo wa kutandaza meza moja juu ya monita kadhaa, ila bei yake haikuwa ya mfuko kama wangu.

Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki mwenye umri wa miaka 21, akatangaza Linux. Ili ipate madirisha, watumiaji wake walitegemea XFree86, aina ya X iliyotengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya kompyuta za kawaida. Hapo ndipo penye kisa. Mipangilio yote ilikaa ndani ya faili moja la maandishi, XF86Config, na wewe mwenyewe ulitakiwa kuandika humo mwendo wa mawimbi ambao monita yako inaweza kuhimili. Monita za zamani zilikuwa na mgongo mkubwa kama televisheni, na namba mbaya iliweza hata kuziharibu. Hebu fikiria: unakosea tarakimu, unaunguza mali!

Mambo yakalainika hatua kwa hatua. Mwaka 1994 ulitoka utaratibu uitwao EDID, unaoiwezesha monita kuieleza kompyuta ukubwa na uwezo wake. Kampuni ya Digital nayo ilibuni njia ya kuunganisha vioo vya X viwe uwanja mmoja; ikaja kuitwa Xinerama, na mwaka 2000 ikaingia katika XFree86 toleo la 4.0. Mshororo ukakamilika. Wenzetu wa Windows walishapata monita nyingi tangu Windows 98, hadi tisa. Lakini kwenye Linux faili bado lilihaririwa kwa mkono, na ukibadili kitu unazima madirisha yote na kuanza upya.

Mwaka 2004 XFree86 ilibadili leseni yake, ugomvi ukazuka, na watengenezaji wengi wakahamia X.Org. Huko ndiko mwaka 2007 lilikotoka toleo la RandR lililoondoa taabu hii: unachomeka waya mashine ikiwa inafanya kazi, unasema hiki kiwe kushoto kwa kile, basi. Vimraba nilivyoviburuta mimi ni watoto wa kazi hiyo. Leo Linux nyingi zimehamia Wayland, iliyoanzishwa 2008, lakini vimraba vimebaki.

Mimi niliishia kidato cha nne, na kwa muda mrefu niliamini kompyuta ni mali ya waliosoma kunizidi. Lakini faili lile la kutisha lilikuwa maandishi matupu, kama riwaya yangu. Watu waliliandika, wakakosea, wakafuta, wakaandika tena, wakaacha wazi ili mgeni asiyewajua asome. Miaka 20 ya kuandika upya, ili mimi nihangaike dakika tano!

Sasa niko daftari la tatu. Kushoto ukurasa uliolowa, kulia ukurasa mpya. Kuna mahali wino umefutika kabisa, hata nikikuza picha sioni kitu. Hapo sina la kunakili. Natunga upya, na mara mbili tatu imetokea vizuri kuliko ilivyokuwa.