Kiswahili nilichokikuta mezani Ujerumani

Wiki jana mwanafunzi wangu mmoja, aliyepata ufadhili wa kusomea shahada ya uzamifu nchini Ujerumani, alibisha hodi ofisini mwangu. Nilidhani amekuja kuulizia barua ya mapendekezo. La hasha! Alikuwa na swali moja tu: "Prof, miezi miwili ya kwanza nitaishi na familia ya Wajerumani. Nibebe nini?" Nikamwambia abebe koti zito na majani ya chai ya Kericho. Alipotoka, nilijilaumu. Hilo lilikuwa jibu la dukani. Makala haya ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mimi nilifika Bayreuth, mji mdogo katika jimbo la Bavaria, mnamo Oktoba 1989. Nilitua Frankfurt alfajiri, nikapanda garimoshi hadi Nürnberg, kisha jingine dogo lililopita katikati ya vilima na misitu ya misonobari. Chuo Kikuu cha Bayreuth kilianzishwa mwaka 1975 tu, lakini tayari kilikuwa na jina katika taaluma za Afrika, na wataalamu wa Kiswahili walikuwa wameanza kukutana huko kila mwaka kujadili lugha yetu. Chumba changu cha bweni hakikuwa tayari, ndipo nikatafutiwa familia ya kunihifadhi. Baba alikuwa mwalimu wa hisabati, mama muuguzi, na watoto walikuwa wawili. Walinilaki stesheni wakiwa wamebeba kipande cha karatasi chenye jina langu. Herufi moja tu ndiyo iliyokosewa.

Jioni ile, saa kumi na mbili kamili, tuliketi mezani. Kulikuwa na mkate mweusi, jibini, soseji baridi na matango ya siki. Nilikula vipande viwili vya mkate nikingojea chakula chenyewe. Hakikuja. Mama akaniuliza kama ningependa kuongezewa. Nikajibu, "Hapana, asante," jinsi nilivyolelewa. Si unajua kwetu mgeni hukataa mara ya kwanza ili ashurutishwe mara ya pili? Mama akasema sawa, akaondoa sahani. Nililala na njaa huku nikimhesabu kuwa mchoyo. Ilinichukua wiki nzima kung'amua kwamba katika nyumba ile "hapana" ni hapana, na kumshurutisha aliyekwisha kukataa ni kutomheshimu. Haukuwa uchoyo. Ukarimu nao una sarufi yake, na mimi nilikuwa nikisoma yao kwa kanuni za yetu.

Siku ya tatu, Jumamosi, baba mwenyeji alinikabidhi reki akaniomba nimsaidie kukusanya majani yaliyopukutika uani. Nilicheka peke yangu kule nje. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kumbe methali hiyo ilikuwa imefika Bavaria kabla yangu!

Jumapili ndiyo iliyonitoa jasho. Saa kumi alasiri, wakati wa kahawa na keki, mama yake baba alikuja kunitazama. Alikuwa ajuza wa miaka 81, mnyoofu, mwenye macho ya samawati na mkoba mweusi. Walikuwa wameniambia kwamba Nyanya alizaliwa Afrika na kwamba ana jambo la kunishangaza. Alinishika mkono, akatabasamu, akasema kwa sauti ya mtoto anayekariri shairi: "Jambo! Njoo hapa! Lete maji! Upesi!"

Familia nzima ikapiga makofi.

Nilibaki nimeduwaa. Ngoja nikueleze sababu, msomaji. Baba yangu mzazi alikuwa mpishi wa setla mmoja kule Molo. Nilipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, nilizoea kuketi kwenye kizingiti cha jikoni nikimngoja, na maneno yaliyotoka ndani ya nyumba ile kubwa yalikuwa hayo hayo. Njoo. Lete. Upesi. Ngoja. Toa. Baba alizungumza Kiswahili kizuri alichokipata kwa wenzake kutoka Pwani, lakini aliyemwajiri hakupata kukisikia, kwa maana baba hakuruhusiwa kujibu zaidi ya "Ndiyo, Bwana." Nilikuwa nimesafiri maelfu ya kilomita kwenda kusomea lugha hii hadi kilele chake, nami nikaikuta mezani ikiwa imevaa nguo zile zile za jikoni Molo.

Nilifanya nini? Nilikwenda jikoni nikaleta maji. Alikuwa mzee, na kwetu mzee akitaka maji hupewa. Nilipomkabidhi bilauri kwa mikono miwili, nilisema, "Shikamoo, Nyanya." Alinitazama bila kuelewa. Alikuwa amezaliwa Tanga mwaka 1908, akaishi huko miaka kumi na moja, na hajui shikamoo! Mtoto yeyote wa Tanga wa miaka mitatu huijua. Lakini mtoto wa nyumba ile hakuhitaji kuijua, kwani hakuna aliyemfunza kuwa Mwafrika aliyemzidi umri ni mkubwa wake.

Baba yake Nyanya alikuwa karani kwenye reli ya Usambara, ile iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911. Waingereza waliuteka mji wa Tanga mwaka 1916, na vita vilipokwisha, familia ikarudishwa Ujerumani pamoja na Wajerumani wengine. Wakarudi na masanduku mawili na Kiswahili cha kuamuru.

Kiswahili hicho hakikuwa cha Wajerumani pekee. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alichapisha *Up-Country Swahili*, kitabu kilichowalenga wanajeshi, masetla, wachimba madini, wafanyabiashara na wake zao hapa Kenya. Vitabu vya aina hiyo vilimpa mnunuzi lugha ya kumwendesha mtumishi, wala havikukusudia kumpa lugha ya kuzungumza na jirani. Kisarufi, tofauti ni ndogo mno. "Lete maji" ni kitenzi kitupu. "Ulete maji" kina nafsi ndani yake, yaani anayeambiwa anatajwa. "Naomba uniletee maji" kina nafsi mbili, anayeomba na anayeombwa. Ukiondoa viambishi hivyo vidogo, umemwondoa mtu kwenye sentensi na kubakiza kazi.

Jioni hiyo baba mwenyeji aliniuliza kwa nini nilinyamaza. Nikamweleza, pamoja na habari za Molo. Akaniomba radhi, nami nikamwambia hapakuwa na kosa la kuombewa radhi na yeye. Lakini Jumapili iliyofuata Nyanya alirejea akiwa na daftari na penseli. "Mwanangu amenieleza," akasema kwa Kijerumani. "Sasa niambie, mtu husemaje?" Ndivyo mwanafunzi wangu wa kwanza wa Kiswahili ughaibuni alivyojiandikisha.

Nilipoanza kuzitembelea maktaba, niligundua kwamba sikuwa wa kwanza kuketi kwenye kiti hicho. Mwaka 1887 serikali ya Ujerumani ilianzisha Seminari ya Lugha za Mashariki jijini Berlin, ambako maafisa, wafanyabiashara na wamishenari walifunzwa lugha kabla ya kwenda makoloni. Kiswahili kilifundishwa na profesa Mjerumani, lakini palihitajika mtu wa kuitamka lugha yenyewe. Amur bin Nasur wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliofika, akafunza Berlin kati ya mwaka 1891 na 1895. Mwaka 1900 akaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwalimu wa Kurani kutoka Bagamoyo.

Mtoro ndiye ninayetaka umkumbuke. Akiwa Berlin aliandika kuhusu uzazi, unyago, ndoa, mashamba, maradhi, ngoma na sheria za watu wa Mrima. Kazi hiyo ilichapishwa Göttingen mwaka 1903 kwa jina *Desturi za Wasuaheli*. Jina lililong'aa kwenye jalada lilikuwa la profesa wake, Carl Velten. Mtoro, aliyeandika sehemu kubwa ya matini, hakupewa nafasi ya mwandishi.

Alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakasafiri kwenda nyumbani kwake Afrika Mashariki, lakini wakuu wa koloni hawakukubali mume Mwafrika aishi huko na mke Mzungu. Wakageuza safari. Mtu akazuiwa kwao kwa kosa la kuoa kwa wenyeji wake! Baadaye alifunza Hamburg kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na akafariki Berlin mwaka 1927. Ilibidi tungoje hadi mwaka 1981, tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ilipochapishwa, ndipo jina la Mtoro likatokea mahali pake kama mwandishi. Hesabu mwenyewe: ni miaka 78.

Aliyemfuata kwenye kiti hicho yalimkuta makubwa zaidi. Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyekuwa askari wa Wajerumani angali mtoto, alifika Berlin mwaka 1929 kudai mshahara wake na wa babake wa wakati wa vita. Hakulipwa. Alifanya kazi ya uhudumu, akaigiza katika filamu, akafunza Kiswahili katika Seminari ile ile. Mwaka 1941 Manazi walimkamata kwa ajili ya uhusiano wake na mwanamke Mjerumani, na mwaka 1944 akafia katika kambi ya Sachsenhausen.

Nilikuwa nikiyasoma haya wakati Ujerumani yenyewe inafunguka. Ukuta wa Berlin ulianguka tarehe 9 Novemba, na siku chache baadaye Bayreuth, iliyo karibu na uliokuwa mpaka, ikajaa vigari vidogo vya Trabant. Binamu wa mama mwenyeji na mkewe walifika kutoka upande wa pili, wakalala sebuleni. Mama aliniomba niwaonyeshe bafu na mahali panapowekwa taulo, eti mimi ni mwenyeji kuliko wao. Nilifanya hivyo kwa furaha, lakini usiku nilimwaza Husen, aliyekaa nchi hiyo zaidi ya miaka kumi asihesabiwe kuwa mwenyeji.

Desemba niliteleza kwenye barafu mlangoni, nikaanguka kifudifudi. Nyanya alikuwa dirishani. Akatoka na kandambili zake mbio mbio, akaniinamia, na neno lililomtoka halikuwa la Kijerumani: "Pole! Pole sana, pole!"

Sikuwa nimemfunza neno hilo. Nilipomuuliza alikolipata, alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Kwa Yaya. Nilipoanguka." Lugha yake ya mama haikuwa na neno moja la kutosha kusema hivyo kwa mtu aliyeanguka bila wewe kumwangusha. Miaka sabini lilikuwa limejificha chini ya zile amri. Amri alizipata kwa baba yake. "Pole" alipewa na mwanamke wa Tanga aliyembeba mgongoni.

"Yaya aliitwa nani?" nikamuuliza.

Akafungua kinywa, akakifunga. "Yaya," akasema. "Tulimwita Yaya." Hakuwahi kulijua jina lake, na sasa hapakuwa na wa kumuuliza. Alilia kidogo, nami sikujua la kusema ila neno lile lile alilotoka kuniambia.

Ingenipendeza kumalizia hapo, nikiwa upande wa waliodhulumiwa. Lakini miaka mitatu baadaye niliwasilisha tasnifu yangu. Ilisheheni nyimbo nilizozikusanya kwa akina mama wa Lamu na Pate, waliokesha wakiniimbia na kunipikia. Kiambatisho cha tasnifu kinawataja hivi: Mhojiwa wa 1, Mhojiwa wa 2, hadi Mhojiwa wa 23. Jina lililong'aa kwenye jalada ni langu. Naam, utaratibu wa utafiti ulitaka hivyo, lakini hakuna hata mmoja wao niliyemuuliza kama angependa kutajwa. Nilirudi Lamu nikiwa nimechelewa. Baadhi yao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Kwa hivyo, mwanafunzi wangu, koti ubebe na majani ya chai ubebe. Ukiulizwa mezani kama umeshiba, sema kweli. Ukipewa reki, ipokee. Ukikikuta Kiswahili cha amri, usikikimbie wala usikicheke, keti ukifunze adabu. Na kila atakayekufunza neno, awe profesa, dereva wa basi au mama wa jikoni, muulize jina lake ungali naye, uliandike, na umuulize kama utaruhusiwa kulitaja.

Nyanya alinisindikiza stesheni siku nilipohamia bwenini, ijapokuwa bweni lilikuwa mwendo wa dakika kumi tu kwa basi. Nikamwambia, "Shikamoo, Nyanya."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu.