Gololi ndogo, mzigo mkubwa: historia ya kinga yetu

Ninyi jamaa mliohama vijiji vyenu mkafika hapa Salamabila, leo sileti habari za usalama. Naleta habari ya kinga, baiskeli yetu. Na ndani ya kinga naleta habari ya kitu kidogo kuliko punje ya mahindi: gololi.

Sababu ni hii. Baba mmoja aliyekimbia na watoto wake alinisimulia kwamba gurudumu lake la nyuma lilikwama njiani. Lilikuwa limelia siku nyingi, krr, krr, naye hakupata nafasi ya kulifungua. Waliacha gunia la mchele na godoro kando ya njia, maana kinga haikusukumika tena. Baadaye fundi alipofungua, alikuta gololi mbili zimepasuka na nyingine zimelika. Chakula cha jamaa nzima kilipotea kwa ajili ya chuma kidogo hivyo.

Basi tuulize: kabla ya kinga, mzigo ulibebwa na nani? Ulibebwa na kichwa cha mtu. Wazee wanajua habari za Kasongo ya Tippu Tip, mji ambao wanajeshi wa Dhanis waliuteka mwaka 1893. Pembe za ndovu zilitoka Maniema kwa miguu, zikavuka ziwa mpaka Ujiji, zikaendelea hadi pwani. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Wengi wao walikuwa watumwa, na wengi hawakurudi.

Mwanzoni mwa karne ya 20 Wabelgiji walijenga reli kati ya Kindu na Kongolo. Lakini reli ile inapita Kibombo na Samba, magharibi ya mto Lualaba. Sisi wa Kabambare tuko mashariki. Kwetu treni ilibaki kitu cha ng'ambo, na ili mzigo uifikie, lazima kwanza mtu ausafirishe.

Wakati huo, huko Ulaya kinga ilikuwa tayari imebadilika. Baiskeli za kwanza zilikuwa nzito sana kuendesha, kwa sababu chuma cha mhimili kilisuguana na chuma cha gurudumu. Mwaka 1869 fundi mmoja wa Paris, Jules Suriray, alipata hati ya kulinda ubunifu wake: kuweka gololi kati ya vyuma hivyo viwili, ili kimoja kibingirike juu ya kingine badala ya kukikwaruza. Tarehe 7 Novemba mwaka uleule, Mwingereza James Moore alishinda mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 123, juu ya baiskeli yenye gololi hizo. Ilimchukua zaidi ya saa 10.

Tatizo lilibaki moja: gololi zilisagwa kwa mkono, na moja ikizidi wenzake hata kidogo, yenyewe ndiyo inabeba mzigo wote na kupasuka. Mwaka 1883, katika mji wa Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer alitengeneza mashine ya kusaga gololi nyingi ziwe duara sawasawa na za kipimo kimoja. Kisha mwaka 1888 Dunlop akaleta tairi la hewa. Hapo tusisahau: mpira wa matairi ya namna hiyo ulitafutwa kwa nguvu katika misitu ya Kongo ya mfalme Leopold, na babu zetu waliulipa kwa damu kabla hawajapanda kinga hata siku moja.

Vita vya 1998 hadi 2003 vilituonyesha thamani ya kinga. Treni iliacha kufika Kindu, ikarudi mwaka 2004 tu. Barabara ziliota majani. Vijana walifunga fimbo kwenye usukani na nyingine nyuma ya kiti, wakasukuma kilo 100 na zaidi za chumvi, sabuni, mafuta ya mawese. Hatukuwa peke yetu katika akili hiyo. Mwaka 1954 watu wa Vietnam walisukuma baiskeli za namna hiyo kupeleka chakula na risasi Dien Bien Phu, wakawashinda Wafaransa.

Kwa nini kinga imebaki wakati lori na treni vinakwama? Kwa maoni yangu, ni kwa sababu mwenyewe anaweza kuifungua nyumbani. Ndani ya kitovu cha gurudumu kuna kikombe kila upande, gololi, grisi, na koni inayokaza kwenye mhimili. Kwa kawaida gurudumu la nyuma lina gololi 9 kila upande, la mbele 10 ndogo zaidi.

Kipimo ni rahisi. Shika fremu kwa mkono mmoja, tikisa gurudumu kushoto na kulia. Likicheza, au likizunguka kwa kukwaruza, usingoje. Fungua juu ya kitambaa ili gololi zisipotee. Osha kwa petroli mbali na moto, tazama koni: ikiwa imechimbika, ibadilishe pia, maana itakula gololi mpya. Badilisha gololi zote za upande huo, usichanganye mpya na zilizolika. Ni hesabu ileile ya Fischer. Tia grisi safi, kaza hadi gurudumu lisicheze, lakini lizunguke lenyewe.

Siku hizi kuna baiskeli za milima zenye springi mbele na nyuma. Fremu yake ina maungio yanayocheza, na kila ungio lina gololi zilizofungwa ndani ya pete mbili. Hizo zikilika, unatoa pete nzima. Mpya usiipige nyundo: ivute ndani polepole kwa bolti ndefu, nati na washa pana, ukisukuma pete ya nje peke yake, kwa sababu ukisukuma ya ndani unaponda gololi. Umbo limebadilika, lakini kazi ni ileile ya Suriray.

Jamaa zilizohama, najua wengi wenu mlifika na kinga tu. Ndiyo gari la kwenda shamba, la kupeleka mgonjwa hospitali, na siku amani ikirudi ndiyo itakayobeba vitu kurudi nyumbani. Yule baba sasa anafungua magurudumu yake kila mwezi. Jioni hii, kabla ya giza, tikisa na wewe lako. Likilia, usilale nalo.